Hodi Mlangoni mwa Kongamano

Mtu wa huku kwetu akialikwa kongamano kwenye chuo kikuu cha mjini, siku hizi hunitafuta mimi kwanza. Sijui nani alieneza habari kwamba mimi ni mjuzi. Nimekwenda mara moja tu, tena si kwa mwaliko wangu, lakini Masasi watu wanajuana, na mwalimu wa sekondari aliyewahi kurudi na kitambulisho cha kongamano shingoni hawezi kukaa kwa amani. Juzi alinipigia mwalimu mwenzangu wa Newala. Amealikwa, ametumiwa maelezo ya wageni kwenye simu, kurasa chungu nzima, na anataka nimwambie yapi ayashike na yapi ayaache.

Nilimwambia. Teremka Newala siku moja kabla, ulale Masasi, maana mabasi ya Dar es Salaam huondoka alfajiri na hayamsubiri mtu anayeshuka mlima. Kata tiketi ya upande wa kulia, jua la alasiri lisikukaange kutoka Kilwa mpaka Kibiti. Ukishuka Mbagala usisimame ukashangaa. Bodaboda wa pale humtambua mgeni kwa jinsi anavyokumbatia begi lake, na bei hupanda hapohapo. Wakikwambia malazi ni hosteli ya chuo, beba taulo, ndala na kufuli yako mwenyewe. Beba na sweta. Atacheka, najua, nani anabeba sweta Dar es Salaam, lakini viyoyozi vya ukumbi ule havina huruma, na sisi watu wa kusini tuliozoea baridi ya asubuhi tu huwa tunatetemeka kama vifaranga. Kitambulisho cha taifa kisikae chini ya begi. Chai ipo saa nne, ila ukichelewa foleni utakuta sambusa zimekwisha na watu wanakunywa chai kavu huku wanajadili maendeleo.

Alinishukuru kwa hayo, akakata simu. Mimi nilibaki nimeshika yangu mkononi, nikiwaza mambo ambayo hayamo kwenye kurasa zake, wala hayakuwamo kwenye zile tulizotumiwa sisi.

Aliyealikwa wakati ule alikuwa baba yangu. Ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mkulima wa korosho kijijini Lupaso, Mwanglikana wa ukoo wa misheni anayejua maneno ya nyimbo zote za kanisani na hawezi kuimba hata mmoja. Mhadhiri fulani, dada wa mjini mwenye adabu zake, alikuwa amekuja Lupaso kuuliza habari za shule za vijijini za zamani. Alikaa barazani kwa baba siku mbili, akala ugali wa muhogo na kisamvu bila kukunja uso, akaondoka. Baada ya miezi kadhaa akatuma mwaliko. Kuna kongamano la historia ya elimu vijijini, na wangependa mzee aje azungumze dakika ishirini, aeleze mwenyewe aliyoyaona.

Dakika ishirini si kitu. Wahubiri wetu huzimaliza kabla hawajafungua Biblia. Lakini kwa baba zilikuwa jambo kubwa, na sababu yake iko mbali kidogo.

Baba alipomaliza kidato cha sita alichaguliwa kwenda chuo kikuu, na chuo chenyewe ni kilekile. Sisi Wamakua mtoto ni wa upande wa mama. Baba mzazi hukulea na kukupenda, lakini neno ni la mjomba. Mjomba wa baba alikuwa amehamia Newala. Baba alipanda kule kwa baiskeli, ingawa mwenyewe husema ni baiskeli iliyompanda yeye, akaenda kumwonyesha barua ya kuchaguliwa. Mjomba alimpa maji kwanza. Maji ya Newala enzi hizo yalitekwa bondeni na kupandishwa kichwani, kwa hiyo kupewa kikombe kizima ilikuwa heshima. Baba alipomaliza kunywa, mjomba akasema: mama yenu hayupo tena, dada yako bado mdogo, mimi ni mzee na nyumba yangu imejaa. Ukienda wewe, nani atasimama nyuma ya mtoto huyu? Baba hakubisha. Alirudi Lupaso, akawa mwalimu wa palepale, akamlea dada yake mpaka akaolewa Lisekese.

Dada huyo ndiye shangazi yangu. Tangu nipate akili nimemsikia akisema neno moja kila tulipokusanyika, iwe msibani au harusini, hata tukiwa tumekaa chini tunabangua korosho: "Mimi ndiye niliyemla kaka masomo yake." Baba humjibu kwamba mbona hukunenepa. Sisi tulicheka kila mara. Shangazi hakuwahi kucheka.

Habari za mwaliko zilipomfikia, alikuja Lupaso kwa bodaboda, na umri wake ule, ameshika kiti kwa mikono miwili na macho ameyafumba. Hakukaa hata kidogo kupumzika. Alimwambia baba mbele yangu, "Kaka, utufikishie salamu. Halafu uwaambie mjomba hakukuzuia kwa ubaya. Na uwaambie mimi nilikuwa mtoto, sikumwomba akuzuie. Lakini uyaseme hukohuko ndani. Ya huku nyumbani nimeyasema mpaka yamechakaa, na hayajanitua mzigo."

Baba alisema, "Nitasema yote, dada."

Ulikuwa msimu wa kupulizia salfa, dawa ya ukungu, kwenye mikorosho. Kila nilipokwenda Lupaso mwisho wa wiki nilimkuta baba shambani, kitambaa kimeziba pua na mdomo, akiihutubia mikorosho. Nilimwona mkono ukipanda na kushuka. Nilimsikia sauti yake ya darasani, ile ambayo mtoto wa dawati la nyuma hawezi kusingizia kwamba haikumfikia, lakini maneno sikuyapata kwa sababu ya kile kitambaa. Nikisogea, ananyamaza. Nikimwomba anijaribishie mimi, ananiambia, "Utasikia hukohuko na wenzako." Nami nikaona sawa, kuna siku yake. Natamani sana ningenyatia nikakaa nyuma ya mti mmoja.

Maelezo ya wageni tuliyasoma pamoja, mimi nikisoma na yeye akisikiliza kama mtu anayesikiliza mirathi. Geti la kuingilia ni lipi. Kila mzungumzaji aje na kitambulisho. Msindikizaji mmoja anaruhusiwa, ila ajiandikishe mwenyewe jengo la utawala. Simu zizimwe. Chakula kisiingizwe ukumbini. Wazungumzaji wazingatie muda. Wageni waende moja kwa moja ukumbini.

Hapo alinisimamisha. "Nani atatupokea?"

"Imeandikwa twende moja kwa moja ukumbini, baba."

"Hiyo ni njia. Mimi nauliza mtu."

Nilicheka, nikamwambia wataalamu wana mambo mengi, nikaendelea na habari za viyoyozi. Swali lake lilikuwa zuri kuliko kurasa zote zile, nami nililipita kama mtu anavyopita kisiki njiani.

Safari sitaisimulia, kila mtu wa kusini anaijua. Baba alibeba mfuko wa korosho alizozikaanga mwenyewe kwa ajili ya mwenyeji wetu, akaupakata tangu Masasi mpaka Mbagala, akikataa katakata usiwekwe juu. Mtu haendi kwa watu mikono mitupu. Asubuhi ya kongamano alivaa koti alilopewa siku ya kustaafu, viatu amevipiga rangi mpaka nikaona aibu kwa vyangu. Getini tulimkuta mlinzi ambaye alisikia tu baba anavyotamka "habari ya kazi" akasimama wima akitabasamu. Alikuwa Mmakonde wa Newala. Wamakonde na sisi ni watani, kwa hiyo badala ya kukagua kitambulisho alikagua kwanza ukoo.

"Mmakua mpaka chuo kikuu!" akasema. "Mzee, humo mfukoni hamna samaki nchanga kweli?"

Samaki nchanga ni panya wa shambani, na kila mtu wa kwetu anayewala husema ni jirani yake ndiye anayewala.

"Wamo," baba akamjibu, "ila nimemletea mkubwa wako. Wewe nitakupa mkia."

Walicheka mpaka wenye magari nyuma yetu wakaanza kupiga honi. Baba aliondoka pale na furaha ya mtu aliyekwisha kufika kwao. Kabla hatujavuka kizuizi alitoa simu yake ya tochi, akaizima. Nilimwambia bado, ni ukumbini. Akasema imeandikwa, na akaitia mfukoni.

Kwenye jengo la ukumbi mlango ulikuwa umefungwa na ndani mtu anazungumza. Nje palikuwa na benchi na kipaza sauti ukutani, ili waliokosa nafasi wasikie. Mimi nilitakiwa kujiandikisha jengo la utawala, upande wa pili wa bustani. Nilimtengeneza baba kola, nikamwambia, "Ingia tu, ukae, nakuja sasa hivi."

"Nitaingia," akasema.

Jengo la utawala nilikuta foleni. Mtandao ulikuwa umegoma, na mama wa dirishani alikuwa akimwambia kila aliyemfikia kwamba unakuja. Ulikuja kwa wakati wake. Nilipopata kitambulisho changu nilivuka bustani nusu ninakimbia, kwa sababu kwa ratiba niliyoishika baba alikuwa karibu kumaliza, na mimi ndiye niliyeahidiwa kusikia.

Nilimkuta kwenye benchi. Amekaa wima, mfuko wa korosho katikati ya miguu, mikono juu ya magoti.

"Baba, vipi? Umeshazungumza?"

"Nimepiga hodi," akasema. "Mara tatu. Hawakuitikia."

Inabidi nieleze kwa wasio wa kwetu. Mgeni hafiki akajisukuma ndani. Husimama mwisho wa uwanja, anapiga hodi, na mwenyeji huacha alichoshika, hata kama ni ugali uko jikoni, anatoka, anampokea mzigo, anamtangulia mpaka kwenye kiti. Ukipiga hodi mara tatu kimya, hufungui mlango. Huenda wana shauri lao, huenda wana msiba ambao hujaambiwa. Unakaa pembeni mpaka mtu aje. Na kama umeitwa, tena umeitwa kwa heshima, ndiyo zaidi, kwa sababu aliyekuita ndiye anayekuingiza. Anayejiingiza mwenyewe ni mtoto wa nyumba ile au ni mwizi.

Haya yote nayajua. Nimezaliwa ndani yake. Lakini nilisoma chuo cha ualimu Mtwara, nimekaa kwenye warsha na semina, na mahali fulani njiani nilijifunza kusukuma milango, nikasahau kwamba ni kitu nilichojifunza. Nilipomwambia baba "ingia tu" sikuona kwamba nimemwambia afanye jambo ambalo hajawahi kulifanya maisha yake yote.

Kabla sijarudi, mtu mmoja alikuwa ametoka, simu sikioni. Baba akasimama, akidhani ndiye. Yule bwana akasema, "Shikamoo mzee," kwa adabu kabisa, akapita. Halafu kipaza sauti cha ukutani kikasema kwamba mgeni wetu kutoka Masasi inaonekana hajafika, kwa hiyo tunaendelea na anayefuata. Baba alisikia kila neno. Alikuwa umbali wa mlango mmoja.

Nilipandwa na hasira. Sijui nilikuwa namkasirikia nani, nadhani kila mtu aliyeko Dar es Salaam. Nilishika kitasa. Baba akanishika mkono.

"Usifungue. Mwenyekiti ameshasema sijafika. Nikitokea sasa nitakuwa nimemfanya mwongo mbele ya watu wake."

"Baba, umesafiri kutwa nzima! Ni zamu yako!"

"Ilikuwa," akasema.

Tukiwa hapohapo akatokea mhadhiri wetu, anakuja mbio kutoka upande wa geti kuu, jasho linamtoka. Kumbe alikuwa ameshinda kule akitutafuta, geti hili mpaka lile. Amepiga simu ya baba mpaka amechoka, haipatikani. Namba yangu hakuwa nayo. Alipomwona baba ameketi pale mlangoni, na koti lake, alijishika mdomo. Hakuna mtu aliyekosa adabu siku ile. Kila mmoja alifanya alivyofundishwa kuwa ndiyo heshima, na baba akabaki nje. Mpaka leo hilo ndilo linalonikera, kwamba sina hata mtu wa kumlaumu nikapata nafuu.

Yule mhadhiri alimpokea baba mfuko, akamshika mkono, akamtangulia. Hapo baba aliingia bila neno. Mhadhiri alimnong'oneza mwenyekiti, mtu mzima mwenye sauti ya upole, na mwenyekiti akatangaza kwamba tuna bahati, mzee wetu amefika, ratiba imebana lakini tutampa dakika tano kabla ya chakula.

Mimi nilikaa nyuma kabisa. Baba alipanda jukwaani akasimama nyuma ya kipaza sauti kama anayesimama mbele ya gwaride la asubuhi shuleni. Ukumbi ulikuwa mkubwa, ngazi kwa ngazi, watu wengi, vijana kwa wazee. Aliutazama wote, safu kwa safu, bila haraka. Nilijua anaangalia nini. Alikuwa anaangalia mahali ambapo angalikaa akiwa mwanafunzi.

Akaanza kusalimu.

Aliwapa shikamoo wakubwa, akawaitikia marahaba wadogo. Akasema ametoka Lupaso, na ameondoka huko watu ni wazima, isipokuwa wale wachache ambao Mungu anawajua. Akasema mvua ya mwaka huu ilichelewa lakini ilikuja, mbaazi zimekubali, korosho zinatoa maua, salfa ni ghali. Akasema njia ilikuwa salama na dereva hakuwa mwendawazimu, na watu wakacheka. Akaleta salamu za mchungaji, za mwenyekiti wa kijiji, za walimu waliobaki hai aliofundisha nao. Akaleta salamu za dada yake wa Lisekese, akamtaja kwa heshima zote. Kisha akamgeukia mwenyekiti akamshukuru kwa kumwita, akamshukuru yule mhadhiri kwa kumpokea mzigo.

Kwetu haya si utangulizi wa kuruka. Mgeni hutoa habari za alikotoka kwanza, ndipo apate haki ya kusema lililomleta. Asiyesalimu hana alilosema. Lakini mimi kule nyuma nilikuwa nimeuma kidole, naangalia saa ya ukutani na kumwomba Mungu amsukume. Baba, ingia kwenye jambo. Baba, wewe mwenyewe ulisikia nikikusomea habari za muda. Sikuweza kusimama nikapiga kelele. Nusu yangu ilikuwa inajivuna, kwa sababu hajawahi kusalimu vizuri vile.

"Sasa, ndugu zangu," akasema, akaweka mikono yote miwili juu ya meza. "Nililoitiwa."

Kengele ikagongwa. Binti mmoja wa safu ya mbele, ambaye kazi yake ilikuwa ni hiyo, aliigonga taratibu, kama anayeomba radhi.

Baba alimtazama. Alitabasamu kama alivyokuwa akiwatabasamia wanafunzi wake. "Asante, mwanangu," akasema. "Kengele ni kengele." Alikuwa amegonga kengele ya shule kwa miaka mingi, lile rimu la gari lililoning'inizwa mtini, na hakuwahi kumruhusu mwalimu yeyote aendelee baada yake. Akainama kidogo, akashuka.

Ukumbi mzima ulisimama na kupiga makofi. Walimpenda kweli. Jirani yangu aliinamia mwenzake akasema mzee huyu anajua kusalimia. Nilimchukia mtu yule, maskini, na hakuwa na kosa.

Wakati wa chakula watu walikuja kupiga naye picha. Alikula wali na kuku, akarudia. Mhadhiri alipokea mfuko wa korosho akalia waziwazi, akaahidi kuja Lupaso na kinasa sauti, aketi barazani, mzee aseme yote bila kengele. Alikuwa mkweli. Ila kabla hajaja alipata nafasi ya kwenda kusoma nje ya nchi, akapiga simu kumwomba baba radhi. Baba aliniambia alivyomjibu: "Nilimwambia aende. Nikamwambia asimuulize mtu."

Kwenye basi la kurudi, tulipovuka Rufiji, nilimgeukia. "Baba, nieleze mimi sasa. Humu hamna kengele, na mpaka Masasi ni mbali."

"Nikueleze nini, nawe ni mtu wa nyumbani?"

"Yale uliyokuwa ukiiambia mikorosho."

"Nilikuwa nayaanzia palepale kila siku," akasema. "Salamu, halafu nililoitiwa, halafu yanakuja yenyewe. Tangu jana nikifika pale kwenye nililoitiwa, panakatika. Siyaoni tena."

Nilijaribu kumsaidia. Nikamwambia aanzie kwenye baiskeli. Akasema baiskeli ilikuwa ya kuazima, akageukia dirishani, akatazama nje mpaka Nangurukuru. Nimefundisha miaka mingi, najua mtoto anavyosahau jibu akiwa amesimama, na najua kwamba ukimwacha kidogo hulikumbuka. Nilimwacha baba. Bado nimemwacha, na tangu tuliporudi nyumbani yeye hana haja ya kulikumbuka tena, haja imebaki kwangu peke yangu.

Tulilala kwangu Masasi, na asubuhi nikampeleka Lupaso. Shangazi alikuwa ameshafika. Alimwona baba mwisho wa uwanja, akainuka kwenye mkeka kabla hata ya hodi, akaja akampokea begi, akamtangulia mpaka kwenye kiti chake. Akamletea maji. Alisubiri mpaka akamaliza kunywa, kisha akakaa chini mbele yake.

"Salamu zetu zilifika?"

"Zilifika. Nimekutaja wewe."

"Na lile la mjomba?"

Baba alikuwa bado ameshika kikombe. Hakunitazama.

"Nimesema."

"Kwamba hakukuzuia kwa ubaya?"

"Nimesema, dada."

"Kwamba nilikuwa mtoto?"

"Hilo nimelisema kwanza."

"Humo ndani? Si nje, kaka. Humo ndani mwao?"

"Humo ndani."

Shangazi akamsogelea. "Wakasemaje?"

"Walisimama wote," baba akasema, "wakapiga makofi."

Ndipo shangazi akanigeukia mimi, msomi wa familia, shahidi wake. Uso wake ulikuwa wazi kabisa, sijawahi kuuona vile, na niliona kwamba angeliamini lolote nitakalosema, na angelala nalo siku zote alizobakiza.

"Kweli, shangazi," nilisema. "Walisimama wote. Niliwaona."